Gari ya umeme iliyopanda mlima kwa dakika 7 na sekunde 57, na ubishi wa gereji ya Majengo

Juzi Jumamosi nilipeleka pikipiki gereji, Majengo hapa Moshi, kwa sababu ilikuwa imenitia aibu mbele ya watu. Nilikuwa nimempakia jamaa yangu tunaenda Marangu getini, tumefika Marangu Mtoni vizuri tu, tukianza ule mpando ikaanza kupiga chafya, puu, puu, nikikaza mafuta ndo inazidi kuzama, nyuma moshi mweusi kama tanuri la matofali, mara Noah imejaza mpaka konda ananing'inia mlangoni ikatupita na konda mwenyewe akatupungia mkono. Jamaa akashuka akatembea, mi nikamalizia peke yangu na gia ya kwanza.

Fundi wangu ni mzee wa siku nyingi, ameanza kushika spana enzi za Peugeot 404 bado ziko barabarani. Akachomoa plagi akaishika juu ya mwanga, nyeusi tii kama masizi ya jikoni. Akasema "Hii inakunywa mafuta mengi kuliko hewa. Huku chini inavumilia, ukipanda juu hewa inapungua, inakabwa." Pale gereji kulikuwa na kijana dereva wa watalii, akadakia kwamba dawa ya hayo yote ni umeme, Arusha si zipo Land Cruiser za safari zimeng'olewa injini zikawekwa mota na betri. Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Umeme upande mlima? Umeme ni wa pasi, mjukuu wangu."

Basi ubishi ukaanza, na mi nikakumbuka kisa kimoja ambacho nimekifuatilia sana, nikatoa simu nikawaonesha video. Ubishi wenyewe haukuisha vizuri kwa hiyo naandika hapa kisa chote kwa urefu, maana naona wengi wanakitaja juu juu tu, "umeme umevunja rekodi", halafu wanapita. Kisa ni kitamu kuliko hivyo.

Huko Colorado, Marekani, kuna mlima unaitwa Pikes Peak na watu wanashindana kuupanda kwa magari tangu 1916. Barabara ina kilomita 19.99 na kona 156, unaanzia mita 2,862 juu ya usawa wa bahari unamalizia mita 4,302. Kwa sisi wa huku hizo namba tunazielewa vizuri kuliko mtu yeyote. Chukua vibanda vya kulala vya njia ya Marangu ya Kilimanjaro, Mandara iko kama mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo Hut 4,720. Kwa hiyo chukulia mtu anaanza juu kidogo ya Mandara, anapita Horombo, anakuja kusimama kama mita 400 chini ya Kibo Hut. Mgeni akipandishwa kwa miguu hiyo safari inamla karibu siku mbili, na njia nzima guide anamwimbia pole pole. Tarehe 24 Juni 2018 Mfaransa mmoja, Romain Dumas, akiwa ndani ya gari ya umeme ya Volkswagen inayoitwa I.D. R, alipanda mwinuko wa namna hiyo kwa dakika 7, sekunde 57.148. Ukipiga hesabu ni wastani wa kilomita 150 kwa saa, kupanda, na zile kona zote, na sehemu nyingine pembeni ni korongo bila kingo.

Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Sébastien Loeb, yule bingwa wa rally mara tisa, ya 2013 na Peugeot 208 T16, dakika 8 sekunde 13.878. Tofauti sekunde 16.73.

Sasa hapa ndo penye fumbo lenyewe. Peugeot ya Loeb ilikuwa na nguvu ya farasi 875 na uzito wa kilo 875, yaani kila farasi mmoja anabeba kilo moja. Volkswagen ilikuwa na farasi 680 tu na uzito wake unakaribia kilo 1,100 dereva akiwa ndani. Dhaifu zaidi, nzito zaidi, halafu ni kupanda mlima, ambako uzito ndo adui namba moja. Nilimsomea mzee hizo namba bila kumwambia nani alishinda nikamuuliza yeye anaweka hela yake wapi. Hakufikiri hata sekunde. "Peugeot, kwani hilo swali?" Na kwenye karatasi yuko sahihi kabisa.

Jibu la kwanza mzee mwenyewe alikuwa nalo mkononi bila kujua. Alikuwa ameshafungua kabureta yangu, akaweka kidole gumba kwenye mdomo unaoingiza hewa, akaacha upenyo mdogo, akasema "ukiwa Marangu getini ni kama mtu ameweka kidole hapa". Ndo hivyo hivyo. Injini haili mafuta tu, inakula mafuta na hewa, na hewa ndo nyingi. Huko juu mita 4,300 hewa imekuwa nyepesi kiasi kwamba injini ya kawaida inapoteza karibu 40% ya nguvu yake. Injini ya kisasa ina kompyuta inapunguza mafuta yenyewe ili isitoe moshi kama wangu, lakini kupunguza mafuta siyo kuongeza nguvu, ni kukubali umaskini tu. Peugeot ya Loeb ilikuwa na tabo mbili za kuivutia hewa kwa nguvu, kwa hiyo haikupoteza yote hayo, lakini tabo nayo ina gharama yake, inabidi izunguke zaidi kwenye hewa nyepesi, na ukitoka kwenye kona ukikanyaga inakusubirisha kidogo kabla haijashika.

Mota ya umeme haivuti pumzi. Kwake Moshi mjini na Kibo ni sawasawa, farasi 680 za pale chini ni 680 za pale juu. Na haina gia ya kubadilisha, ukikanyaga inavuta hapo hapo, magurudumu yote manne maana ilikuwa na mota mbili, moja mbele moja nyuma.

Ngoja nikuoneshe hesabu moja niliyopiga mwenyewe nikaikubali. Chukua zile sekunde 16.73 gawa kwa kona 156. Unapata sekunde 0.107. Yaani kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila kona, basi, hata kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko hapo. Huhitaji gari ya maajabu kumpiga Loeb, unahitaji gari ambayo kila ikitoka kwenye kona inaondoka bila kusubiri tabo, bila kupanga gia, mara 156 mfululizo. Ukiiona hivyo fumbo linaanza kufunguka. Farasi 875 zinasaidia kwenye kipande kilichonyooka, na pale mlimani vipande vilivyonyooka ni vya kutafuta.

Kitu cha pili ni upepo. Hewa nyepesi haiinyimi injini tu, inalinyima bawa pia. Magari haya yana mabawa makubwa nyuma ambayo kazi yake ni upepo uikandamize gari chini ishike barabara, na huko kileleni mkandamizo unapungua kwa kama 35% ukilinganisha na usawa wa bahari. Ndo maana ukiiona I.D. R imebeba kitu nyuma kama meza ya duka. Kwenye uwanja wa kawaida bawa la hivyo lingeirudisha gari nyuma, lakini kule hewa nyepesi inakuonea huruma upande huo, na gari yenyewe haikutengenezwa kukimbia zaidi ya kama 240. Mtu asikudanganye kuwa ni umeme peke yake ulioshinda, bawa lile lina sekunde zake humo.

Sasa kompyuta. Mi naona hapa ndo kiini cha kisa na ndo sehemu watu wanaoruka. Pikes Peak siyo uwanja, ni barabara ya utalii. Mazoezi mnafanya alfajiri kabla watalii hawajaanza kupanda, na mnafanya kwa vipande, leo kipande cha chini, kesho cha katikati, keshokutwa cha juu. Barabara nzima kutoka chini mpaka juu kwa mwendo wa mashindano unaikimbia mara moja tu, siku yenyewe. Ukikosea rudi mwakani. Na gari yenyewe ilitengenezwa kwa muda mfupi, haikufika hata mwaka. Sasa utajuaje betri iwe kubwa kiasi gani?

Hilo swali la betri ni gumu usilichukulie poa. Betri kubwa ina umeme mwingi lakini ni nzito, na uzito mlimani unaulipa kila kona. Betri ndogo ni nyepesi lakini inaweza kukata kabla ya kileleni, hapo umekuwa kituko. Wale mainjinia waliichora barabara nzima ndani ya kompyuta, kona zote, miinuko yote, wakaikimbiza gari ambayo bado haipo, wakabadilisha betri wakakimbiza tena, wakabadilisha bawa wakakimbiza tena. Jibu lililotoka lilikuwa ni kuchukua betri ndogo ndogo hivi na umeme unaopungua uutengeneze njiani. Karibu 20% ya umeme uliotumika siku ile ulitoka kwenye breki.

Hapo mzee alinikatiza. "Mlimani breki ya nini, si unapanda?" Swali zuri kweli, hata mi mwanzoni lilinisumbua. Lakini kona 156, kila moja lazima upunguze mwendo kabla ya kuingia, na unatoka kwenye mwendo mkali. Kwenye gari ya kawaida mwendo huo unageuka joto kwenye disiki unapotea. Kwenye umeme, mota inageuzwa kuwa dainamo. Nikamwambia mzee unakumbuka baiskeli ya Phoenix, ukibonyeza dainamo iguse tairi ili taa iwake, pedeli zinakuwaje? "Zinakuwa nzito." Basi ule uzito ndo breki, na ile taa ndo umeme unaorudi kwenye betri. Kijana wa watalii akapiga kofi mezani kama vile ameshinda kesi yeye.

Na pale kazi ya kompyuta haiishii ofisini. Ndani ya gari ndo inayoamua kila wakati mota ya mbele ivute kiasi gani, ya nyuma kiasi gani, umeme gani urudi na betri isipate joto kupita. Dumas kazi yake ni stelingi, pedeli na roho ngumu. Simdharau, roho hiyo mi sina, na jamaa ni wa ukweli, 2016 alishinda Le Mans, yale mashindano ya saa 24 ya Ufaransa, na Porsche ya haibridi (injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja), siku ile Toyota iliyokuwa inaongoza ilipoishiwa nguvu zimebaki dakika chache. Lakini sehemu kubwa ya zile 7:57 ilikuwa imeshaamuliwa kwenye kiti cha ofisi kabla hajavaa helmeti.

Kuna vituko viwili siwezi kuviacha. Cha kwanza, nilipocheza ile video mzee akauliza "hiyo ambulensi inafuata nini?" Hamna ambulensi, ni gari yenyewe, kwa sababu magari ya umeme ni kimya kwenye mashindano yale yanalazimishwa kupiga king'ora ili watu na wanyama walioko barabarani wayasikie. Gari ya mamilioni ya dola inalia kama gari ya zimamoto. Cha pili, sheria zilidai mashindano yakisimamishwa katikati uweze kuichaji gari tena ndani ya dakika 20, na pale chini ya mlima hakuna umeme wa kutosha wa gridi, basi wakaleta jenereta. Jenereta! Ilikuwa inachoma gliseroli badala ya dizeli ili moshi usiwe mchafu, lakini jenereta ni jenereta. Mzee hapo alifurahi sana, akasema "kumbe na wao wamekatiwa".

Sasa tuwe wakweli kidogo. Kati ya 2013 na 2018 kuna miaka mitano, na tairi za mashindano hazikulala usingizi miaka yote hiyo. Mtu akiniambia Loeb angepewa tairi za 2018 angepunguza sekunde kadhaa, simbishii. Ila siku ile ile ya 2018, mlima ule ule, aliyefuata nyuma ya Dumas alikuwa Mwitaliano Simone Faggioli na gari ya petroli aina ya Norma, dakika 8 sekunde 37.230. Sekunde 40. Najua ukitaka kubisha utasema Norma haikuwa na bajeti ya Volkswagen, na ni kweli, hela nayo ni mafuta. Lakini sekunde 40 ni nyingi bana, hata ukitoa hela yote humo bado kuna kitu kinabaki, na kwa akili yangu kinachobaki ni hewa.

Mzee hakukubali kirahisi. Alichoshikilia ni kimoja, "imekimbia kilomita ngapi mpaka betri kuisha?" Nikamwambia barabara yote ni kama 20. "Ishirini? Hiyo ukitoka nayo hapa Moshi haikufikishi hata Himo!" Gereji nzima ikacheka, na mi nilicheka maana ni kweli, kwa mwendo ule na betri ile ndogo Himo ungeisikia tu. Ndo uzuri na ubaya wa ile gari, ilishonwa kama suti ya mtu mmoja kwa harusi moja. Ukiitoa pale mlimani inabidi uipimie upya, na ndo walichofanya 2019 walipoipeleka kwenye uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, wakabadilisha bawa na mambo mengine, ikazunguka kwa dakika 6 sekunde 5.336.

Halafu nikamtajia mzee Ari Vatanen, nikamwambia 1988 alipanda mlima ule ule na Peugeot 405, enzi hizo barabara bado vumbi, akatumia dakika 10 na sekunde 47. Hapo macho yalimng'aa, maana Vatanen anamjua, alishinda Safari Rally 1983 na Opel. Akaanza kutueleza jinsi walivyokuwa wanasikiliza matokeo redioni, akapotea kama dakika kumi nzima huko, tukamwacha aende. Aliporudi akauliza kitu ambacho mi sikukitegemea. "Hii ya umeme ikiharibika katikati ya mlima, unafanyaje?"

Kwa bahati hilo nalo lina jibu, na ni la kweli. 2024 Dumas huyo huyo alirudi Pikes Peak na Ford ya umeme, pikapu ya F-150 Lightning iliyogeuzwa ya mashindano, zaidi ya farasi 1,400, mara mbili ya ile Volkswagen. Ameanza tu, kipande cha kwanza, gari ikagoma. Ikasimama kabisa. Alichofanya ni kile unachofanya simu ikiganda, akaizima akaiwasha. Sekunde kama 26 zimekwenda amekaa pale anasubiri kompyuta irudi. Ikarudi, akaondoka, akamaliza kwa dakika 8 sekunde 53.553 na akashinda mashindano yote.

Kile kisa kidogo kinanifundisha mambo kuhusu kile kikubwa. Kwanza ile namba, hata ukimrudishia zile sekunde 26 bado yuko nyuma ya 7:57 kwa nusu dakika na zaidi, na farasi mara mbili. Pikapu ni pikapu, ina mwili mkubwa na uzito wake, farasi hazikumwokoa. Pili, angalia aina ya hitilafu. Enzi za Vatanen gari ikifa unafungua boneti, unanusa, unagusa, unasikiliza. Hii haikuwa na cha kunusa. Mzee nilimwona anaiwaza hiyo, amekaa kwenye tairi kuukuu kabureta yangu iko mapajani, kimya. Akasema "sasa hapo fundi yuko wapi?" Kijana wa watalii akamjibu fundi yupo ila ana laptopu. Mi sikusema kitu. Pale pale gereji kuna kijana wake anapima Noah kwa mashine ya kusoma hitilafu za kompyuta ya gari, mzee huwa anaiita redio, na wateja siku hizi wanaulizia hiyo redio kwanza kabla hawajamsalimia.

Akainuka, akaenda kwenye shelfu, akashusha kopo la Blue Band limejaa vijiskrubu na vipande vya shaba. Akachambua na kucha mpaka akapata jeti, ile yenye tundu la kupitishia mafuta kwenye kabureta, ndogo kama punje ya mchele, akaipuliza, akaitazama tundu lake kwenye mwanga. Kumbe ilikuwa jeti yangu ya zamani, miezi minne iliyopita alinitolea akaniwekea kubwa zaidi kwa sababu nilimlilia pikipiki haikimbii. "Uliitaka mbio wewe," akasema, anaifunga na bisibisi. Akaniambia niende nayo mpaka Marangu getini nirudi nimwoneshe plagi, ikiwa ya kahawia tumepatia, ikiwa nyeusi bado.

"Na hela ya ile ya kwanza bado sijaisahau. Jumla elfu nane."